Hodi ya Tatu

Nimekaa kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, saa nne asubuhi, faili la karatasi zangu liko mapajani, na mbele yangu wako watu kumi na saba wanaongoja mlango ufunguliwe waoneshwe nyumba ileile ninayoitaka mimi. Hapa Ujerumani nyumba ya kupanga huoneshwa kwa mkupuo. Watu hupanga foleni kwenye ngazi, kila mmoja akimtabasamia mwenzake kwa adabu huku moyoni akimwombea apate dharura aende zake. Naitwa Hatibu Shekiondo, fundi makufuli wa Ngamiani, Tanga. Sijawahi kushindwa na kitasa, lakini huu ni mlango wa ishirini na mbili tangu tuje, na bado sina wa kwangu. Mke wangu Mwanahawa ni muuguzi, yeye ndiye aliyepata kazi huku. Mimi na wanetu wawili, Sauda na Nuhu, tumemfuata. Hospitali ilitupa nyumba ya muda ya miezi mitatu, na miezi mitatu inakwisha Jumamosi. Leo ni Alhamisi. Tusipopata nyumba, yeye atahamia chumba cha mtu mmoja kwenye bweni la wauguzi, na sisi watatu tutarudi Tanga, kwa sababu kibali chetu kinadai makazi ya familia. Naogopa, sifichi. Na kuna jambo ambalo sijamwambia Mwanahawa. Jumanne ya wiki iliyopita nilifika kwenye nyumba nzuri kabisa, vyumba vitatu, dirisha la jikoni linatazama mti, mlango uko wazi, watu wanazungumza ndani. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga ya pili, wakanipita wawili wakaingia bila hata kugonga. Nikapiga ya tatu, hakuna aliyeitika, nikashuka ngazi nikaenda zangu. Marehemu baba, aliyenifundisha kazi, alikuwa na sharti moja: hodi tatu, hukuitikiwa, rudi. Alisema fundi makufuli anaweza kufungua mlango wa mtu yeyote, sasa akianza na kuingia bila karibu, watu watamwita kwa jina jingine. Jioni ile nilimwambia Mwanahawa nyumba ilikuwa imeshachukuliwa.

Ukuta wa ngazi una joto, bomba la maji moto linapita ndani yake, nami nalaza kichwa. Nafumba macho kidogo tu, najiambia, nisikie vizuri mlango ukifunguliwa, na ngazi niliyokalia inajisogeza taratibu, kama mtu anayempisha mgeni kwenye mkeka. Inashuka. Nashuka nayo, ghorofa ya pili, ya kwanza, tena ya pili, tena ya kwanza, na watu kumi na saba hawapo, yapo makoti yao tu yamening'inia hewani yakingoja kwa adabu ileile. Chini kabisa kuna kizingiti. Nakanyaga, nimo barabarani. Barabara yenyewe ni moja, lakini kila nikifika mwisho wake naikuta ndiyo kwanza inaanza. Upande wa kulia kuna nyumba za ghorofa nne za rangi ya maziwa, upande wa kushoto nyumba zizo hizo zimegeuzwa, kitasa cha kulia kimekuwa cha kushoto, paka wa dirishani anamtazama paka mwenziwe ng'ambo ya barabara na wote wawili wanapiga miayo kwa pamoja. Mwingine angekimbia. Mimi najiuliza ni fundi gani alifunga vitasa vyote hivi, na kwa nini bawaba ameziweka nje, ambako mwizi yeyote mwenye bisibisi angezing'oa. Nainama nachungulia tundu la ufunguo la mlango wa kwanza. Ndani naiona barabara ileile, na mtu ameinama anachungulia tundu la ufunguo.

Kwenye kila mlango kuna safu ya kengele zenye majina, kama ilivyo desturi ya huku, ambako asiye na jina kwenye kengele hata barua haimfikii. Majina haya yameandikwa kwa wino mbichi. Nikilisoma moja linageuka kabla sijafika herufi ya mwisho. Natembea nikisoma, nikisoma nikitembea, natafuta Shekiondo, napata majina ya wateja wangu wa zamani, napata jina la mwalimu wangu wa darasa la tatu, napata jina la mbuzi tuliyemchinja nilipotahiriwa, naye ana ghorofa nzima peke yake. Nacheka mwenyewe. Mwishoni mwa safu kuna kengele moja isiyo na jina, nayo ina uvuguvugu, kana kwamba kuna kidole kimetoka kuibonyeza sasa hivi. Hiyo ni ya nani? nauliza kwa sauti. Ya atakayeulizwa, ananijibu mtu nyuma yangu.

Nageuka. Amevaa koti refu la mawakala wa nyumba, ameshika faili na shada la funguo, na pale panapokaa uso pamekuwa laini kama kisahani kilichooshwa. Najua ningepaswa kupiga kelele, ila kinachonisumbua ni sauti, inatokea wapi? Namsogelea. Inatoka kwenye funguo. Kila akisema zinagongana, na mgongano wenyewe ndio maneno. Wewe ndiye dalali? namuuliza. Mimi nakaa njiani kuelekea kwa dalali, anasema. Nataka nyumba, namwambia, vyumba viwili vinatosha, hata kimoja na ukumbi, mke wangu anapenda jiko lenye dirisha. Funguo zinatulia, kisha zinasema: Kitendawili! Na mimi, mtoto wa Tanga, ulimi wangu unatangulia kabla ya akili. Tega! Nina mtu wangu, anasema, nyumba zote anaingia, hata moja halali. Nawaza. Upepo, nasema. Siyo. Mwanga wa jua. Siyo. Nipe mji. Na hapa nakumbuka mchezo wa utotoni, kwamba aliyeshindwa humpa mji mwenziwe ndipo aambiwe jibu, na kwamba tulikuwa tunagawa miji kama karanga, chukua Moshi, chukua Dodoma, kwani inatugharimu nini. Chukua Muheza, namwambia. Anapokea kwa mikono miwili. Nimekwenda Muheza, anasema, nimepokewa kila mlango, nimemenyewa machungwa, nimetandikiwa kitanda, jibu ni dalali. Nami nataka kucheka, maana kweli dalali huingia kila nyumba wala halali ndani ya hata moja, lakini najaribu kukumbuka harufu ya stendi ile ya machungwa na siipati. Najua kulikuwa na harufu. Mahali ilipokuwa pamefagiliwa.

Twende, anasema, na tunakwenda, au barabara inakwenda na sisi tumesimama. Namuuliza, hapa mnaweka miji mnayopewa? Ananionesha kwa faili, na naona kwamba kati ya nyumba za maziwa kuna vichochoro, na ndani ya kila kichochoro kuna mji wa mtu, mdogo, umekunjwa kama shuka, wengine miji ya theluji, wengine miji ya mchanga, na kwa mbali nasikia muuza machungwa anaita kwa sauti ninayoifahamu na jina la mahali pake limenitoka. Kila aliyetafuta nyumba amepita hapa, anasema. Kitendawili! Ningenyamaza nisingepata hasara, lakini nataka kujua, ndivyo nilivyo, hata saa ya msikiti niliifungua nikiwa na miaka minane nione kilicho ndani. Tega! Hunipati bila nyumba, anasema, na nyumba huipati bila mimi. Hii naijua, najisemea, mimi mtu wa kujaza fomu, na najibu kwa kiburi: Mshahara! Siyo. Nipe mji. Nampa Pangani, huku moyo unauma, maana Pangani ndiko nilikomposa Mwanahawa. Nimekwenda Pangani, anasema, nimevushwa mto kwenye kivuko bila kudaiwa nauli, wakwe wamenikaribisha kwa kashata, jibu ni anwani. Ah! Anwani! Ofisi zote zinaitaka, na bila nyumba sina, na bila kuwa nayo sipewi nyumba, wiki kumi na mbili nimezunguka ndani ya kitendawili hicho na nimeshindwa kukitambua kiliponijia uso kwa uso, kama naweza kumsema hivyo asiye na uso. Nakasirika. Wewe wakwe zangu wanakukaribisha kwa kashata, namwambia, na mimi kwenu nabaki ngazini na faili! Funguo zinacheka kidogo.

Tunafika kwenye mlango. Nautambua, ndio ule wa Jumanne, na hapohapo ndio huu wa leo, ghorofa ya tatu ikiwa chini kwenye usawa wa barabara, kengele isiyo na jina iko pembeni, na mlango uko wazi. Ndani nyumba tupu, sakafu ya mbao, dirisha. Navua viatu, naviweka pamoja kando ya kizingiti, ndivyo tulivyolelewa. Ya mwisho, anasema asiye na uso. Nyumba tupu, mlango wazi. Mgeni anapiga hodi. Nani wa kumkaribisha? Ukishindwa nipe Tanga. Tanga ndiko kwenye kibanda chetu cha makufuli, na kaburi la baba, na ndiko tutakakorudi Jumamosi nikishindwa. Nikiutoa mji ule wanangu watarudi wapi? Hodi, naita mlangoni. Kimya. Hodi wenyewe, naita tena, na sauti inazunguka vyumba vyote na kunirudia bila kitu. Imebaki ya tatu. Nikiipiga na kimya kikabaki kimya, sharti la baba linanishusha ngazi. Siipigi. Natazama huku na huku kwa udadisi ule ule wa saa ya msikiti, na ndipo ninapotazama ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba iliyogeuzwa. Mlango uleule uko wazi, viatu vilevile viko kando ya kizingiti, na mtu mwenye shati langu amesimama, isipokuwa kwa kuwa kule kila kitu kimegeuzwa, yeye yuko upande wa ndani. Amesimama ndani anatazama nje. Ametega sikio. Namwonea huruma, maana namjua, anangoja mtu apige hodi ili apate kuitika, na mtu mwenyewe amesimama huku na faili anangoja karibu. Nimejua, namwambia asiye na uso. Hakuna mwingine. Mwenyeji wa nyumba tupu ni huyohuyo anayebisha, hajaingia tu. Funguo zinanyamaza zote kwa pamoja. Sasa nirudishie Muheza, nasema, nimekumbuka jina! Na Pangani! Utaikuta ukiamka, anasema. Nitaamka lini? Hicho, anasema, sijakutegea. Nami navuta pumzi napiga ya tatu, Hodi! na kutoka ndani, kwa sauti yangu ya asubuhi iliyokauka, nasikia Karibu.

Nafumbua macho. Shingo inaniuma. Niko ngazini, faili limeanguka, na foleni haipo. Nasikia watu wakishuka chini kabisa, mmoja analalamika kwa lugha yao kwamba nyumba haina jiko, hata sinki hamna, kila kitu ununue mwenyewe, na mlango wa mtaani unajifunga kwa kishindo. Mlango wa ghorofa ya tatu uko wazi. Nasimama, na baridi ya sakafu inanipanda kwenye nyayo, nimevaa soksi. Viatu vyangu vimewekwa pamoja kando ya kizingiti, visigino vimelingana, na sikumbuki kuvivua, si hapa. Naokota faili. Hodi, nasema. Hodi wenyewe. Hodi. Ndani kimya. Naangalia ngazi za kushukia, naziangalia kweli, kisha naitika mwenyewe, siyo kwa kunong'ona, Karibu, na naingia.

Chumba kitupu, sakafu ya mbao. Mtu amesimama dirishani na shada la funguo, mwanamke kwa umbo lake, jua lote liko nyuma yake kiasi kwamba kichwani naona mwanga tu. Simu inatetemeka mfukoni. Naomba radhi kwa mkono, yeye anainamisha kichwa. Ni Mwanahawa, yuko mapumziko ya chai. Vipi huko baba Sauda? ananiuliza, na najua sauti hiyo, amejikaza. Mwanahawa, nasema, ile nyumba ya Jumanne haikuwa imechukuliwa. Nilipiga hodi hawakuitika, nikaondoka. Nikakudanganya. Nasikia vikombe vya wauguzi wenzake. Najua, anasema. Unajua? Hatibu, mimi ni mkeo miaka kumi na moja, hata kwenye harusi yetu wenyewe ulisimama mlangoni mpaka shangazi akaja kukuvuta mkono. Unafikiri sijui? Nikangoja useme mwenyewe. Machozi yananitoka, na nacheka, na mtu wa dirishani anangoja. Na hiyo ya leo? anauliza. Hii nimeingia. Nani kakukaribisha? Nimejikaribisha mwenyewe. Anacheka ile ya kuziba mdomo, kisha anasema, haya, angalia kama jiko lina dirisha. Lina dirisha, nasema, jiko lenyewe ndilo halipo. Tutanunua taratibu, anasema. Mwanahawa, nasema, nataka nijue kitu kimoja. Ule mji wa machungwa, ukitoka Tanga, unaitwaje? Mji gani? anauliza. Ule wa machungwa, nasema, na jina nililolipigia kelele sasa hivi silipati tena. Laini inakwaruza. Simu inakatika kabla hajajibu, au ameshajibu na sikusikia.

Mwanamke anachukua faili langu, anafunua karatasi moja moja bila haraka. Picha ya sisi wanne anaitazama zaidi ya karatasi za mshahara. Anatazama soksi zangu. Halafu anaangalia mlangoni, vilipo viatu, kwa muda mrefu. Najikaza nione uso wake, nasogea hatua moja kushoto, jua nalo linasogea. Analifunga faili, hanirudishii, analiweka chini ya kwapa lake pamoja na mkataba usioandikwa jina. Wengine wote nimewauliza mengi, anasema kwa Kijerumani cha polepole ili nielewe, na funguo zinagongana mkononi mwake. Kwako nina swali moja tu.

Tega, namwambia.