Usiguse, Unatulia

Kwa miaka kumi na tisa Mama Uzi alikuwa akifunga nyuzi kwenye misuli ya watu asiowajua. Kazi yake ndiyo hiyo, katika maabara ya utafiti hospitalini. Mama akijifungua kwa upasuaji, na akiwa ameridhia na kutia saini, daktari huchukua kipande cha mfuko wake wa uzazi kisichozidi njiti ya kiberiti. Mama Uzi hukifunga uzi wa hariri ncha zote mbili na kukitundika kwenye maji ya chumvi yenye joto la mwili. Uzi wa juu umeshika kalamu: msuli ukibana, kalamu inapanda kwenye karatasi, ukilegea, inashuka. Ukitaka ubane zaidi unautilia tone la homoni ya uchungu. Ila kwanza uachwe saa mbili nzima, maana msuli uliotoka kukatwa una kiwewe, na ukiuchokoza mapema siku yako imeharibika. Ndiyo maana mlangoni pa maabara amebandika karatasi: USIGUSE. UNATULIA. Hata profesa alishatimuliwa pale, akaondoka kimya kimya.

Sasa mtu huyo mwenye subira ya kupigiwa mfano, ungemwona wodini! Binti yake, mwanawe wa pekee, alilazwa na mimba ya wiki thelathini na moja, tumbo likibana kabla ya wakati. Daktari alimpa dawa ya kulegeza, ile inayozuia kalsiamu isiingie kwenye seli za msuli, akasema kila wiki mtoto atakayokaa ndani ni faida kwa mapafu yake. Mama Uzi aliyajua yote hayo. Akavuta kiti, akatoa saa na daftari, akaweka mkono juu ya tumbo la binti.

"Limebana?"

"Kidogo, mama."

"Kidogo kiasi gani? Na sasa je?"

Akawa anachora vilima daftarini, kimoja kwa kila mbano. Kila penseli ilipogusa karatasi, binti alikaza meno. Kufikia jioni vilima vilikuwa vimesongamana, na Mama Uzi akashikwa na hofu.

Mkunga mkuu, rafiki yake wa siku nyingi asiye na breki mdomoni, akalitwaa daftari.

"Shoga, kule mlangoni kwako umebandika nini?"

Mama Uzi akanyoosha mkono kulidai daftari.

"Si nakuuliza?"

"Usiguse. Unatulia."

"Na ule msuli wa kwako hauna hata masikio! Huu una mwenyewe. Anakuona umemtolea macho, moyo unamwenda mbio. Hebu toka."

Alitoka ameona haya. Kesho yake alikuja bila daftari, ameshika ile karatasi ya mlangoni, akaibandika juu ya kitanda. Binti aliisoma, akacheka mpaka akashika mbavu, na wakapiga soga mpaka usingizi ukamchukua. Dawa ilifanya yake, na utulivu ukafanya yake. Tumbo likawa linabana mara moja moja, kisha likaacha. Wiki zikaenda hadi zikatimia saba.

Mtoto alikaa kitako tumboni na kugeuka akagoma, hivyo ikabidi upasuaji. "Nimetia saini, mama," binti alisema akisukumwa kwenda chumba cha upasuaji. "Kipande kimoja, chako." Akatoka mtoto wa kike, kilo tatu kasoro kidogo, na sauti ya kuamsha jengo zima.

Mama Uzi alimbusu mjukuu, akaenda maabara. Mikono iliyofunga maelfu ya mafundo ililifunga fundo hili moja, ikalifungua, ikalifunga tena. Akakitundika kipande. Nusu saa, kalamu kimya. Saa nzima, kimya. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye chupa ya homoni, ukaishika, ukairudisha. Akaikalia mikono yote miwili.

Saa mbili zilipokaribia, kalamu ikatikisika. Ikapanda taratibu, ikachora mlima mzima, ikashuka. Mama Uzi alilia kwa furaha bila kujificha. Akaikata karatasi yenye mlima huo, akakimbia nayo wodini.

Binti aliuangalia mlima, kisha akamwangalia mama yake, mtoto akinyonya.

"Uliugusa?"

"Sikuugusa, mwanangu."