Sentensi ya Marlys Tollefson

Kila Alhamisi saa tisa alasiri Arlene, karani wa idara ya fizikia, aliweka sinia la keki za limau kwenye chumba cha semina. Sharti lake lilikuwa moja: hakuna kula mpaka semina iishe. Nje, ziwa lilikuwa limeganda tangu Novemba, na watu walikuwa wameegesha magari juu yake wakivua samaki kwenye matundu ya barafu.

Siku hiyo msemaji alikuwa Marlys Tollefson, aliyefundisha hapo miaka kumi na moja kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Akimaliza, idara ingepiga kura kuamua kama apewe ajira ya kudumu. Aliitaka sana, hakuficha. Alieleza kwa chaki kwamba nguvu za umeme na zile mbili za ndani ya atomu huenda zikakaa chini ya kanuni moja, lakini uvutano, ule unaoshikilia vitu chini, labda ni umbo tu la mahali na wakati. Hauhitaji kuunganishwa na wenzake, na hakuna kipimo kilichowahi kuonyesha kwamba unahitaji.

"Lazima uunganishwe," alisema Profesa Duane Lindquist, mkuu wa idara, aliyeitafuta kanuni hiyo moja miaka thelathini.

Kikombe chake kikapaa. Zikafuata keki, kisha maprofesa.

"Labda hauhitaji," alisema Marlys, na wote wakarudi vitini.

"Lazima," alisema Duane, akapaa tena na wenzake.

"Duane bwana, kahawa yako inaelekea kwenye taa," alisema Arlene.

"Hilo la kupimwa. Sisi hatupimi, tunakokotoa. Waite watu wa maabara," alijibu Duane.

Arlene akapiga simu ghorofa ya chini. Wakamjibu kwamba hawawezi kupima kitu kisicho na nadharia. Suala likaishia hapo.

Marlys alitoka ili wapige kura, akasubiri koridoni, ambako uzito ulikuwa wa kawaida. Arlene alipata tabu kidogo kuhesabu, maana waliokuwa kichwa chini mikono yao ilielekea sakafuni. Alihesabu mara mbili. Mlango ulipofunguliwa, Duane alikuwa darini.

"Pole, Marlys. Kura hazikutosha. Mwaka mmoja mwingine upo. Sasa tushushe basi."

Iliuma, tena sana.

"Si useme mwenyewe? Ni maneno mawili tu," alisema Marlys.

"Nitasemaje? Kitabu changu kinatoka mwezi wa tano."

Marlys akawatazama wengine. Kila mmoja alikuwa na kitabu, au mwanafunzi, au ombi la fedha za utafiti. Akawashusha.

Tangu hapo sentensi hiyo, "Labda hauhitaji," imo kwenye mkataba wake, katika majukumu, chini ya kusahihisha mitihani. Mkataba ni wa mwaka mmoja. Kila Alhamisi wanapopaa, Marlys hukaa karibu na bomba la kupashia chumba joto, hupitisha mguu nyuma ya bomba ili asiende mbali, na huwa na raha kuliko alivyotarajia.

Wiki iliyopita Duane aliita kutoka darini, "Marlys, tumemaliza."

Kipande cha keki kilikuwa kinapita mbele ya pua ya Marlys. Akakidaka. Arlene, aliyeshika kitasa cha dirisha, akageuka kutazama wavuvi.

"Nawashusha sasa hivi," alisema Marlys. Akala taratibu mpaka chembe ya mwisho, akajifuta vidole kimoja kimoja, ndipo akaisema.