Mafaili ya Dirishani

Hospitali ya misheni iliyokuwa juu ya Uyole, kwenye barabara ya Tukuyu, ilikuwa na chumba cha mafaili kirefu chenye giza. Mafaili yalipangwa kwa namba tangu hospitali ilipofunguliwa. Sekela, karani msaidizi, aliona kero moja: wagonjwa wa kila mwezi, wale wa kifafa na kisukari, ndio waliokaa benchini muda mrefu kuliko wote, kwa kuwa mafaili yao yalikuwa juu kabisa, panapofikiwa kwa ngazi.

Mkubwa wake, Mzee Filemoni, alipokwenda Iringa kumuuguza dada yake, Sekela aliyashusha mafaili hayo, akayapanga kwa majina ndani ya kasha la mbao, akaliweka chini ya dirisha, mahali anapoyafikia bila kuinuka. Kliniki iliyofuata watu waliondoka mapema. Nyamizi, mama wa Kisukuma aliyemleta binti yake Roza kutoka bonde la Usangu kufuata dawa za kifafa, alicheka.

"Leo tutafika ng'ombe hawajarudi zizini!"

Sekela alifurahi, wala hakumwambia mtu mwingine. Mzee Filemoni alirudi asubuhi ambayo Sekela alikuwa anawahi gari la kwenda Mbeya mjini kuchukua makaratasi. Walisalimiana getini tu. Nitamwambia jioni, aliwaza.

Mchana alirudi kwa lori la saruji. Lilipopunguza mwendo pale njia panda ya Uyole, mwanamume mmoja alikuja mbio akipunga mkono. Alikuwa Ndalahwa, mume wa Nyamizi.

"Dada wa mafaili! Roza anaanguka kifafa tangu asubuhi. Anatulia kidogo, anaanza tena. Mama yake ametangulia naye kwenye Landrova ya watu wa mpunga, mimi nikakosa nafasi, nimefika hapa kwa basi."

Dereva akamruhusu apande. Lori likaanza kupanda mlima, likiunguruma ndani ya ukungu, polepole kiasi kwamba mtu angeweza kushuka na kutembea kando yake.

"Si wanamjua pale?" Ndalahwa aliuliza. "Daktari anajua dawa yake."

"Yule daktari yuko likizo. Huyu aliyepo ni mgeni."

"Basi atasoma kwenye faili."

Sekela alitazama barabara, akatazama mikono yake. Hatimaye akasema, "Baba Roza, faili nililihamisha mimi. Aliyeko ofisini leo hajui nimeliweka wapi."

Mbele kidogo injini ilichemka, dereva akasimama kutafuta maji. Ndalahwa akaruka chini.

"Tukimbie," alisema.

Walikimbia. Walipofika, Sekela alimkuta Mzee Filemoni juu ya ngazi, mafaili yametapakaa sakafuni.

"Faili la yule mtoto halipo!" alisema. "Daktari anatuma watu kila mara, na mimi sina cha kuwapa!"

"Liko kwenye kasha, Mzee." Lakini chini ya dirisha palikuwa patupu. "Kasha liko wapi?"

"Lile lililozuia njia? Nilimwambia Tekla alipeleke stoo."

Stoo ilikuwa imefungwa. Sekela alikimbia hadi nyuma ya jengo, akamkuta Tekla mfagizi akianika mashuka, akamnyang'anya ufunguo bila hata salamu. Kasha lilikuwa chini ya magunia. Akapekua haraka: Rebeka, Rehema, Roza.

Wodini, Nyamizi alikuwa amemshika mtoto miguu. Daktari alilifungua faili palepale.

"Nimempa dawa kidogo tu," alisema. "Sikujua anatumia kiasi gani. Ningezidisha, ningemkata pumzi."

Akavuta dawa nyingine kwenye sindano. Mwili wa Roza ulilegea taratibu, ukatulia.

"Sasa tusubiri," daktari alisema. "Kifafa kimemshika muda mrefu mno. Sijui ataamkaje."

Mzee Filemoni alikuwa akiokota mafaili Sekela aliporudi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani jioni, Mzee."

Mzee aliweka rundo la mafaili mezani. "Mimi nimeliona kasha, nikaliondoa bila kuuliza. Lirudishe dirishani. Lakini kila mahali ulipotoa faili, weka kipande cha kadibodi kuonyesha lilikohamia. Na watu wote waambiwe, pamoja na Tekla."

Wakaanza kukata kadibodi. Kila nyayo ziliposikika kwenye korido, mkono wa Sekela ulisimama.

Usiku hakulala. Asubuhi alikuwa ameanza kuandika kwenye kadibodi, Ndalahwa alipokuja dirishani, macho mekundu.

"Ameamka. Amemwita mama yake."

Sekela alisogea karibu na dirisha.

"Mkono wa kushoto hauinuki. Daktari anasema huenda utarudi, tuvumilie."

"Nisamehe, Baba Roza."

Ndalahwa alikwaruza ubao wa dirisha kwa ukucha. "Nimemweleza mama yake yote. Sikuweza kumficha."

"Amesemaje?"

"Amelia. Halafu amesema uje umwone mtoto."

Sekela aliacha kalamu mezani. Akatoka, akamfuata Ndalahwa kuelekea wodini.