Sevisi Saba

Mgonjwa alikuwa ameshahamishiwa kwenye bajaji pale Buzuruga, chupa ya dripu mama yake ameishika juu kwa mkono, na gari la wagonjwa bado lilikuwa linafuka. Ulikuwa moshi wa buluu, mzito, unaonuka oili iliyoungua. Wauza ndizi waliziba pua kwa kanga zao. Mihayo, aliyeliendesha gari hilo la kituo cha afya kwa miaka kumi na moja, alizima injini akasimama kando kwa aibu, utadhani yeye ndiye aliyejamba hadharani.

Saa nne likavutwa kwa kamba hadi Mabatini, kwa Kija, fundi mwenye mkataba wa magari ya halmashauri.

"Shikamoo, mzee Mihayo."

"Marahaba. Hebu niangalizie huu uchafu."

Kija alimwambia awashe. Akashika kipande cha boksi nyuma ya bomba la moshi, akakigeuza, kikawa na matone meusi ya mafuta.

"Ungekuwa mweupe ningesema maji yanaingia. Mweusi, dizeli imezidi. Huu wa buluu ni injini inakunywa oili. Ringi za pistoni zimekwisha, mzee."

Alipofungua kifuniko cha oili, injini ilimpulizia matone usoni. Akajifuta, akaizima, akachomoa kijiti cha kupimia. Kilichoning'inia pale hakikuwa oili, kilikuwa uji wa lami.

"Hii imebadilishwa lini?"

"Nitajuaje? Ijumaa tunaacha gari ofisini, Jumatatu tunapewa limeoshwa, tunaambiwa limefanyiwa sevisi."

Kija akaingia chini ya gari, akatoka na filta ya oili, akaifuta vumbi kwa tambara. Ana mazoea yake: kila filta anayoifunga huiandika tarehe kwa maka peni, ili mtu asije akamsingizia. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, na tarehe ilikuwa ya Machi, mwaka juzi. Tangu siku hiyo hakuna mkono uliowahi kuigusa.

Mihayo akafungua daftari la gari. Tangu Machi ile ziliandikwa sevisi saba, zote zina muhuri wa Malimi, afisa usafirishaji. Mara tatu Mihayo alimwandikia kwamba gari linamaliza oili, na mara zote hakujibiwa. Watu wazima, wenye viti vya kuzunguka na viyoyozi, wameshindwa hata kuona haya kwa gari la kubebea wagonjwa.

Malimi alifika saa sita, shati limenyooshwa, bahasha kwapani. Ni wa umri wa mwanawe Mihayo wa pili, lakini shikamoo hakutoa.

"Mzee, umetuulia gari."

Akatandaza fomu juu ya boneti. Chanzo cha uharibifu kilikuwa kimeshachapwa: uzembe wa dereva. Ilibaki saini tu.

"Saini mambo yaishe. Gari litapelekwa mnadani."

Minada hiyo Mihayo anaijua. Gari lililopita lilinunuliwa na shemeji yake Malimi, na sasa linabeba mchanga huko Usagara bila hata kukohoa. Naye akisaini, kazi imekwenda, na imebaki miaka mitatu astaafu.

"Kija, mwonyeshe filta."

Kija akaiinua. Malimi akaisoma tarehe, akaisoma tena.

"Fundi, mkataba wako unaisha lini vile?"

"Juni, bosi."

"Basi."

Kija akachovya tambara kwenye kopo la petroli, akampa Mihayo mgongo, akaanza kuisugua ile tarehe. Mwandiko wake mwenyewe!

"Nina watoto, mzee wangu," alisema bila kugeuka.

"Na yule wa kwenye bajaji ni mtoto wa mbuzi?"

Mihayo akachukua kalamu, akakata maneno yaliyochapwa, akaandika juu yake kwa herufi kubwa: GARI HALIKUBADILISHWA OILI MIAKA MIWILI. SEVISI SABA NI ZA UONGO. Akasaini, akampa.

Malimi alisoma mpaka mwisho. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomchukiza Mihayo kuliko yote. Aliikunja fomu vizuri, akaidumbukiza kwenye beseni la oili chafu, akatoa nyingine kwenye bahasha.

"Mzee, usijichoshe bure."

Akaegemea boneti, akasaini mwenyewe jina la Mihayo. Hakuiga kutoka popote. Kalamu ilipita mara moja tu, haraka, na ile saini ilifanana na ya Mihayo mwenyewe mpaka mkia wa herufi ya mwisho, kazi ya mkono uliokwisha kuizoea.