Klarineti Fupi

Mgeni wetu alikuwa analamba kile kipande cha mwanzi cha mdomo wa klarineti yake, ile zumari nyeusi ya kizungu, kama mtoto aliyepewa koni, taratibu, macho kwa watu wa mstari wa mbele, mate yakimlowesha ndevu. Najua mwanzi lazima uloweshwe ndipo utoe sauti. Lakini kuna kulowesha na kuna kulamba, na hadi leo nikisikia klarineti redioni nazima.

Tulikuwa wanne, wapiga fidla wa ukumbi mdogo wenye viti vya kukunja. Fidla ya kwanza mume wangu, ya pili mimi, kisha shemeji yangu na ile yenye sauti nzito, na binti mmoja mpole na ile kubwa ya kushikwa kwa magoti. Mgeni tulimwalika wenyewe. Wiki nzima mume wangu hakuwa na habari nyingine: mgeni akiridhika nasi, atatuchukua kwenye ziara yake ya nje. Alimbebea begi, akamtafutia mto wa kukalia, akacheka mizaha ambayo mgeni mwenyewe alishaisahau. Mimi namtazama tu, nasema moyoni, makubwa haya.

Mpiga klarineti hubeba mbili. Zinafanana kama pacha, ila moja ni ndefu kidogo na sauti yake iko chini kidogo. Muziki wa jioni ile uliandikiwa hiyo ndefu. Tukaanza vizuri sisi wanne, mgeni akaingia, sauti yake ikagongana na zetu, na Mungu wangu, ukumbi mzima ukakunja uso. Nikatupa jicho: ndefu imesimama kwenye kisimamio chake, karibu na kiatu chake. Kashika fupi. Mume wangu naye aliiona. Nilimwona akiiona.

Mgeni akasimamisha muziki. Hakutazama chini. Akaninyooshea klarineti, ncha inadondosha mate, akawaambia watu kwa tabasamu kwamba mama huyu hakupata muda wa kukaza nyuzi, labda alichelewa jikoni. Watu wakacheka. Nikamgeukia mume wangu, maana neno moja tu lingetosha, na lilikuwa lake kulisema.

"Samahani, mzee," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi viti vya nyuma. "Kaza nyuzi, mama watoto, tusiwachoshe watu."

Nikainama, nikajifanya nakaza nyuzi ambazo hazikuwa na kosa lolote. Mgeni akabadilisha klarineti kimya kimya. Tukapiga tena toka mwanzo, na ikatoka nzuri mno, nzuri ya kuliza mtu, na uzuri wenyewe ndio ulionitia kinyaa zaidi. Walisimama kutupigia makofi.

Chumba cha nyuma, mgeni alikung'uta mate sakafuni tulipokuwa tumeweka mabegi yetu, akanibusu mkono kwa midomo iliyolowa, akatangaza kwamba ziara tumepata, wote wanne. Nikaenda kwenye sinki nikanawa kwa sabuni. Mume wangu akanifuata, uso umemng'aa, akaushika mkono ule kabla sijaukausha.

"Umeona? Umetuokoa."

Nikautoa mkononi mwake, nikafungua bomba tena, nikaichukua sabuni.