Wendell na Timu Isiyo na Mwenyewe

Jumatatu ile asubuhi hakuna mtu Toledo nzima aliyekuwa na furaha kama Wendell Pruszynski. Shemeji yake, Dale, kaenda ziwani kuvua samaki, kule simu za mkononi hazishiki kabisa, wiki nzima! Na wiki hiyohiyo, kwenye ligi yao ya fantasi ya besiboli, Wendell alikuwa anacheza na nani? Na Dale!

Ligi yenyewe ni ya watu kumi, marafiki na ndugu. Kila mmoja anachagua kwenye simu wachezaji wa timu za kweli. Wakifanya vizuri uwanjani unapata pointi, wakivurunda unakatwa. Kila siku unapanga nani aingie kikosini na nani akae benchi. Ligi ya kirafiki, wanasema. Urafiki gani huo, wakati anayeshika mkia mpaka mapumziko ya Julai anapigiliwa bango mbele ya nyumba yake mwezi mzima, lina picha yake na maandishi makubwa: HUYU HAJUI BESIBOLI?

Sasa Wendell ndiye kocha wa timu ya watoto wa mtaa. Kocha, jamani! Watoto kumi na wawili na wazazi wao wanapita mlangoni kwake kwenda mazoezini. Na yeye na Dale walikuwa mkiani pamoja, pointi sawasawa, na hii ndiyo wiki ya mwisho.

Wana kadesturi kao: ukiona mwenzako kasahau kikosi, unamkumbusha. Jumanne, Gus, msimamizi wa ligi, akaandika kwenye kundi: "Wazee, Dale ana majeruhi watatu kikosini. Nani ana namba ya simu ya mezani ya pale alipofikia?"

Namba ilikuwa kwenye friji ya Wendell, wino mwekundu, mwandiko wa mkewe. Wendell akaitazama. Akafungua friji, akatoa soseji, akafunga. Akaandika: "Sina, kaka. Masikini Dale."

"We mwanaume," mkewe, Marcy, akasema nyuma yake, "si hii hapa?"

"Hiyo ya dharura, mke wangu."

"Kaka yangu anachezesha wagonjwa, si dharura hiyo?"

"Hajafa mtu."

Basi Wendell akajua kazi imekwisha. Thubutu! Wale majeruhi watatu hawakuleta kitu, ndiyo, lakini waliobaki walikuwa kama wamepandwa na mashetani. Alhamisi, kazee kamoja ka miaka thelathini na tisa kanaitwa Orville Tate, ambako Dale alikaokota tu kwa kukahurumia, kakaupiga mpira nje ya uzio mara tatu. Mara tatu! Wendell hakulala. Alikuwa anapanga, anapangua, anasoma hali ya hewa ya miji ambayo hajawahi kufika. Mwenzake huko yuko na chambo na kofia.

Jumapili saa moja jioni, hesabu ikawa hivi: Wendell 216, Dale 212. Wachezaji wa Dale wote wamemaliza. Wendell kabakiza mmoja, mrushaji wake, Brisco Haines, mechi inaanza baada ya dakika kumi.

Gus akapiga. "Umeshinda, bwana. Muweke Haines benchi, kachome nyama."

"Nimuweke benchi nishinde kwa pointi nne? Kwa mtu anayevua samaki? Mtanicheka mpaka Krismasi."

"Mrushaji akipigwa unakatwa, Wendell."

"Haines hapigwi. Nataka nimfumue Dale, usikie? Nimfumue!"

Mechi ikaanza, kikosi kikajifunga, hakuna tena kubadilisha. Mpira wa kwanza wa Haines ukaenda kutua kwenye maegesho ya magari. Wa pili, mtu mbio. Wa tatu, uziooo! Soseji zikaungua, moshi mpaka kwa jirani, Wendell kainamia simu: "Mtoeni! Mtoeni huyo!" Wakaja kumtoa wakiwa wameshachelewa. Kakatwa pointi kumi na moja: Wendell 205, Dale 212.

Jumatatu jioni Gus alikuwa bustanini kwa Wendell anagonga bango. Watoto wa timu wamejipanga kwenye njia na magongo yao, wanasoma kwa sauti, kila neno. Gari la Dale likasimama. Akashuka mwekundu kama kamba aliyechemshwa, kabeba boksi la barafu.

"Shemeji! Kuna msiba?" Akasoma bango. "Aah, pole, kaka. Kwani mimi nilicheza na nani wiki hii?"

Watoto wakamgeukia kocha wao.

"Nilikuwa naingoja simu yenu, ujue," Dale akaendelea, anafungua boksi. "Nilimwachia dada namba makusudi, nikamwambia abandike kwenye friji."

Gus akaacha kugonga. Akamtazama Wendell. Halafu akaenda garini kwake, taratibu, akarudi na misumari mirefu zaidi.