Njiwa wa Pili

…na huyu njiwa wa pili sahanini ametoka wapi, wa kwanza hata hajaguswa, tumbo linanguruma, na mama bado amemsimamia na kijiko, "Kula, Wagdi mwanangu, hawa ndio wa nguvu, mjomba wako aliwala siku saba za harusi, mwaka haukuisha akaitwa baba," kisha macho yanakwenda jikoni, kwa Nagwa mkewe, yanatulia huko, "mbegu yetu haina kasoro, ardhi ndiyo ya kuangaliwa," miaka minne sasa, kila Ijumaa, na Wagdi anacheka, Mungu amsamehe, anacheka kama mtu asiye na hatia, ilhali karatasi ya maabara iko mfukoni, imekunjwa mara nne, testosteroni chini, chini kabisa, na daktari kule kliniki alivua miwani, "Damu chooni tangu lini?" wiki mbili, Wagdi akajibu, muongo mkubwa, ni miaka mitatu, lakini mji mzima wa Mahalla unalalamika tumbo, wote wanasingizia maharage, nani angejua… "Utumbo ukivimba muda mrefu hivi, huenda ukaishusha na homoni ya kiume, hatuna hakika, tuutibu kwanza halafu tupime tena," huenda, neno dogo tu, na bado aliona haya kama aliyevuliwa nguo mbele za watu, akarudi nyumbani akamwambia mkewe ni gesi, mke aliyekwenda peke yake kwa madaktari wawili, aliyekunywa mitishamba ya mama ameziba pua, chungu kama nyongo, na Wagdi akimshikia glasi, alimshikia glasi! "Nagwa! Lete pilipili, mumeo atakulaje kavukavu," na Nagwa anatoka, bakuli la pilipili analiweka mwisho wa meza, mkono wa mumewe usikofika, mbele yake anaweka wali mweupe na mtindi, hamwangalii, na Ijumaa iliyopita alifanya vivyo hivyo, na ile ya kabla yake… tangu lini anaisogeza ile pilipili, na zile chupi anazozificha Wagdi chini kabisa ya kapu la nguo, nani anazifua, nani anaziloweka kwanza kwenye maji baridi damu itoke, ee Mola, anajua, miaka yote hii anajua, na anasimama pale mlangoni akiitwa ardhi mbovu, kimya, amemsitiri mumewe, na mumewe amemsitiri na nini, kicheko… tumbo si aibu, tumbo ni ugonjwa, aibu ni kile kicheko, "Mbona huli, mwanangu, chumvi haikukolea?" na njiwa bado wanatoa mvuke, kijiko bado kiko hewani, karatasi bado iko mfukoni, ila sasa mkono wake umeishika, Nagwa ameuona, anatikisa kichwa polepole, usiseme, nakuomba usiseme, na Wagdi anausogeza mbali ule mtindi, anamvutia mama yake kiti, "Mama, kaa kwanza."